Lipa Nyasi, Usingoje Mzoga

Ng'ombe aliyedhoofishwa na njaa hawezi kuinuka mwenyewe asubuhi. Baridi ya usiku humkaza miguu, na kunapopambazuka wanaume humwendea wakiwa wanne. Mmoja hushika mkia, wawili hupitisha fito chini ya tumbo, wa nne hushika pembe. Huhesabu, kisha huinua kwa pamoja. Akisimama hushikiliwa mpaka miguu ipate nguvu, ndipo anapopewa konzi ya nyasi kavu kama ipo, au matawi yaliyokatwa mtini. Kesho alfajiri watamwinua tena. Siku atakaposhindwa kusimama hata baada ya kuinuliwa, mwenye boma hugeuka na kuondoka bila neno.

Hivyo ndivyo maboma mengi ya kaskazini mwa Kenya yalivyoianza siku katika ukame wa hivi karibuni. Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, na mifugo zaidi ya milioni 2.4 ikafa. Kwenye barabara kuu ya kutoka Isiolo kwenda Moyale mizoga ililala kando ya lami. Wako ng'ombe waliofia hatua chache tu kutoka kisima chenye maji, kwa sababu walichokosa ni lishe. Zilizotangulia kufa ni nyasi.

Serikali ya Kenya iliwahi kuamua kulipia kifo hicho cha kwanza. Mwaka 2015 ilianzisha Mpango wa Bima ya Mifugo, maarufu kwa kifupi chake KLIP. Ulianzia Turkana na Wajir kwa kaya zipatazo 5,000, ukapanuka hadi kaya zipatazo 18,000 katika kaunti nane: hizo mbili pamoja na Mandera, Marsabit, Isiolo, Tana River, Garissa na Samburu. Serikali ililipa ada yote ya bima kwa kiasi cha ng'ombe watano kwa kila kaya, na katika hesabu hiyo mbuzi au kondoo kumi huhesabiwa kama ng'ombe mmoja. Setilaiti ikionyesha kwamba malisho ya eneo yameshuka chini ya kiwango kilichowekwa, kaya zote zilizoandikishwa hapo hulipwa, ng'ombe awe amekufa au yu hai. Baadaye nafasi ya mpango huo ilichukuliwa na DRIVE, mradi ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022 kwa Kenya, Ethiopia, Somalia na Jibuti, ambao unamtaka mfugaji naye achangie sehemu ya ada.

Kuhusu pesa hizi madai ni mengi. Nimeyasikia kwenye baraza za machifu, kwenye matatu, na kwa wasomi ambao hawajawahi kulala karibu na zizi. Baadhi yana chembe ya ukweli, na chembe hiyo nitaikubali pale ilipo. Msimamo wangu nautaja mapema: pesa ya umma inayolipwa nyasi zinapokauka ni haki ya mfugaji na ni akiba ya taifa, mradi imfikie ng'ombe angali amesimama.

Dai la kwanza: "Hii ni sadaka kwa watu wasiotaka kujitegemea"

Mkulima wa mahindi kule Trans Nzoia hununua mbolea kwa bei iliyopunguzwa na serikali. Mwezi Septemba 2022 mfuko wa kilo 50 ulishushwa kutoka takriban shilingi 6,500 hadi 3,500, na Agosti 2023 ukashushwa tena hadi 2,500. Hakuna anayesimama sokoni Kitale kumwita mkulima huyo ombaomba. Tunasema, na ni kweli, kwamba sima ya taifa inamtegemea. Sasa nyama tunamtegemea nani? Maeneo kame na nusu kame ni zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya, na kwa makadirio yanayotumiwa na serikali yenyewe yanabeba takriban asilimia 70 ya mifugo ya nchi. Mbuzi anayechomwa Nairobi jioni ya Jumamosi huenda alikulia kwenye nyasi za Marsabit, Wajir au Samburu.

Jicho hili la kumwona mkulima kama mzalishaji na mfugaji kama mzigo lina historia. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ulielekeza pesa za maendeleo kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua na njia za usafiri, kwa hoja kwamba huko ndiko zingezaa zaidi. Kaskazini ikaambiwa isubiri. Ilisubiri hadi 2012 ndipo Waraka Nambari 8 ulipotamka rasmi kwamba maeneo kame yanahitaji sera yake. Kwa hiyo anayesema mfugaji ajitegemee kama wengine anasahau kwamba wengine hawakuachwa wajitegemee.

Tena Kenya haikubuni jambo hili peke yake. Marekani, nchi inayopenda kujisifu kwamba kila mtu husimama kwa miguu yake, ina mpango wa serikali kuu unaowalipa wafugaji waliopoteza malisho kwa ukame. Uliingia kwenye sheria ya kilimo ya 2008 na ukafanywa wa kudumu mwaka 2014. Mfugaji wa Texas au Montana hatozwi ada yoyote. Kila Alhamisi hutolewa ramani ya ukame ya nchi nzima, na kaunti yake ikidumu wiki za kutosha katika daraja la ukame mkali wakati wa msimu wa malisho, huwa na haki ya kulipwa asilimia 60 ya gharama ya kulisha mifugo yake kwa mwezi mmoja. Ukame ukizidi, miezi huongezeka. Kwa miaka mingi kikomo kilikuwa dola 125,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Kaya ya Turkana chini ya KLIP ingeweza kupata, kwa mwaka mbaya kabisa, shilingi 70,000 kwa ng'ombe wote watano. Kama hiyo ya Turkana ni sadaka, ya Texas tuiiteje?

Dai la pili: "Mfugaji ana ng'ombe mia. Kwa nini asiuze mapema?"

Hili ndilo dai linalopendwa zaidi na watu wa mjini, na lina sura ya hekima. Uza kumi, nunua lishe ya waliobaki, weka salio benki. Linastahili jibu refu kidogo.

Kwanza, si kila mfugaji ana ng'ombe mia. Kaya nyingi zina wanyama wachache tu, na nyingine zimebakiwa na mbuzi pekee baada ya ukame uliotangulia. Kwa kaya kama hiyo ng'ombe watano ndio kila kitu: maziwa ya watoto, karo, mahari na matanga.

Pili, angalia soko lenyewe. Ukame haumpigi mtu mmoja, humpiga kila mtu kwa siku moja. Nyasi zinapopungua Laisamis, zimepungua pia North Horr na Maikona, na wote wanaamua kuuza katika wiki zilezile. Mnyama aliyetembea siku kadhaa kwenda mnadani hufika mbavu zikihesabika. Dalali anamtazama, anajua mwenyewe hawezi kurudi naye, na anataja bei ya kutupa. Wakati huohuo mahindi dukani yamepanda, kwa sababu ukame umefika huko pia. Mfugaji anauza akiwa chini na kununua bei ikiwa juu. Ng'ombe ambaye mwaka jana angenunua magunia kadhaa ya mahindi, leo hatoshi hata moja. Serikali yenyewe imewahi kuingia sokoni kununua mifugo dhaifu kupitia Tume ya Nyama ya Kenya, lakini machinjio makuu ya tume hiyo yako Athi River, zaidi ya kilomita 500 kutoka Marsabit, na ng'ombe asiyeweza kusimama hapandishwi lori la safari hiyo.

Tatu, kuuza mapema kunataka mtu ajue mapema. Mfugaji anayeuza nusu ya kundi kila mvua inapochelewa wiki mbili, miaka mitano baadaye hana kundi, hata kama mvua zilikuja kila mara. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa, ngamia takriban miezi 13, na mtamba wa nyanda kame mara nyingi hazai kabla ya mwaka wa nne. Kundi lililouzwa kwa hofu halirudi kwa msimu mmoja. Kushikilia mifugo ni hesabu ya mtu anayejua kwamba uzazi wa mifugo una mwendo wake, na kwamba benki yenye riba ya ndama haipo Nairobi.

Yako pia matokeo tunayoweza kuyatazama. Bima hii ilijaribiwa kwanza Marsabit, kuanzia Januari 2010, chini ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo yenye makao Nairobi, na malipo ya kwanza yakatoka Oktoba 2011, mwishoni mwa ukame mkubwa. Watafiti Sarah Janzen na Michael Carter walilinganisha kaya zilizokuwa na bima na zisizokuwa nayo. Kaya zenye mifugo mingi kidogo zilipunguza kuuza wanyama kwa dhiki. Kaya zenye michache zilipunguza kukata milo ya familia. Soma tena hiyo ya pili. Bila bima, fukara halindi mlo wake, hulinda ng'ombe, na watoto ndio wanaolipa ada kwa matumbo yao. Anayemwambia mtu huyo "uza mapema" hajui kwamba ameshaanza kuuza, ila anachouza ni chakula cha jioni.

Dai la tatu: "Ukiwalipa wataongeza mifugo na kumaliza malisho"

Dai hili lingekuwa na nguvu kama malipo yangekua kadiri kundi linavyokua. Hayakukua. KLIP ilifunika kiasi cha ng'ombe watano, uwe na saba au mia saba. Wa sita hakukuletea hata senti.

Tena kuna jambo wanaopinga hawalitazami vizuri. Malipo yanafuata nyasi, hayafuati mizoga. Kama serikali ingelipa kwa kila ng'ombe aliyekufa, mtu angeweza kumwacha mnyama afe ili apate fidia. Hapa aliyehama mapema, aliyenunua marobota ya nyasi, aliyewapeleka wanyama kwenye kambi za malisho za mbali na kubakiza wa maziwa nyumbani, analipwa sawasawa na jirani aliyekaa tu. Bidii yake haimpunguzii kitu. Ni vigumu kupata mpango unaomheshimu mtu mwenye juhudi kuliko huu.

Malisho yanaharibika, hilo nalikubali. Lakini tutaje vinavyoyaharibu. Visima vilivyochimbwa bila kuwauliza wenyeji vimegeuza nyanda za kiangazi kuwa makazi ya kudumu. Njia za kuhamia zimekatwa na mashamba, ua na miji. Isiolo, Waborana wana baraza la dedha, ambamo wazee wa malisho hupanga nyanda za masika, za kiangazi, na za akiba ambazo haziguswi mpaka hali iwe mbaya kabisa. Utaratibu huo ulidhoofishwa kwa miongo mingi na maafisa waliodhani wanaijua nyasi kuliko aliyezaliwa juu yake. Anayelia na malisho airudishie dedha nguvu zake kwanza, kabla hajamlaumu mama mwenye ng'ombe watano.

Dai la nne: "Setilaiti haiwezi kujua ng'ombe wangu wanakula nini"

Hapa nasimama katikati, kwa sababu dai hili ni nusu kweli, na nusu hiyo imewaumiza watu.

Tuanze na inavyofanya kazi. Jani bichi hunywa mwanga mwekundu na kurudisha mwanga ambao jicho letu halioni. Chombo kilicho angani hupima tofauti ya mianga hiyo miwili, na kutokana nayo hujua eneo limekuwa kijani kiasi gani. Kipimo hicho hakilinganishi Wajir na Kericho. Hulinganisha Wajir ya leo na Wajir ya miaka iliyopita, msimu kwa msimu. Panga misimu yote iliyorekodiwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kuanzia mbaya kabisa hadi mzuri kabisa. Msimu ukiangukia ndani ya moja ya tano ile mbaya, malipo huanza. Kadiri ulivyo mbaya ndivyo yanavyoongezeka. Hakuna afisa wa kubembeleza, hakuna mkaguzi wa kungojewa aje kuhesabu mizoga kwa pikipiki kilomita 200 kutoka barabarani, na hakuna mwanasiasa anayeweza kuamuru mawingu yaandikwe vingine.

Lakini setilaiti huona ukijani, haioni ulimi wa ng'ombe. Chukua mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kuzuia jangwa na sasa umefunika kingo za mito na nyanda za Garissa, Tana River, Turkana na Baringo. Hubaki kijani hata kila kitu kingine kimekauka, na chini yake nyasi hazioti. Maganda yake matamu huozesha meno ya mbuzi. Wakazi wa Baringo walipofungua kesi kuhusu mti huo miaka ya 2000, walimpeleka mahakamani mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Sasa fikiria eneo la bima lililojaa mathenge. Kutoka angani linang'aa. Kutoka zizini ni njaa.

Yako na mengine. Eneo la bima ni kubwa, na mvua ya kwetu huchagua: upande huu wa kilima imenyesha, upande ule vumbi. Wastani wa eneo ukiwa mzuri, aliyeangukia upande wa vumbi halipwi. Utafiti wa Nathaniel Jensen, Christopher Barrett na Andrew Mude kuhusu bima ya kwanza ya Marsabit, uliochapishwa 2016, ulikadiria kwamba katika hasara kubwa mwenye bima alibaki na wastani wa asilimia 69 ya hatari aliyokuwa nayo mwanzo. Mude ni Mkenya aliyetunukiwa Tuzo ya Borlaug ya utafiti wa nyanjani mwaka huohuo kwa kazi ya bima hii. Waliojenga nyumba ndio waliotuonyesha paa linavuja wapi, na hiyo ni sababu ya kuwaamini zaidi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Chombo kinachopunguza sehemu tu ya hatari bado kinapunguza hatari. Usikivunje, kirekebishe. Ondoa maeneo ya mathenge kwenye hesabu. Gawanya maeneo makubwa kufuata njia halisi za malisho, na wazee wa malisho waketi mezani mipaka inapochorwa. Na muhimu kuliko yote, mwambie mfugaji ukweli siku ya kumwandikisha: bima hii inalipia nyasi peke yake. Hailipi ugonjwa, hailipi wezi wa mifugo, hailipi fisi, hailipi mafuriko. Mtu aliyeambiwa kwamba "ng'ombe wako wamekatiwa bima" kisha asilipwe wanapokufa kwa homa hawezi kurudi tena, na hapaswi kulaumiwa.

Dai la tano: "Bima ni haramu"

Hili ni swali la imani, na limeulizwa na watu wa dhati kote kaskazini mashariki. Limejibiwa kwa vitendo. Mwaka 2013 kampuni ya Takaful ilianza kutoa Wajir bima ya malisho iliyopangwa kwa misingi ya sharia, ambapo wanachama huchangia mfuko wa kusaidiana, na mwaka uliofuata wafugaji wapatao 100 wakapokea malipo yao. Ada ikilipwa na serikali au na mfugaji, mlango huo uko wazi. Wapangaji wa mipango wasisahau kuupitia.

Dai la sita: "Nchi haina pesa za kulipia nyasi"

Swali ni tunalipa lini, maana kulipa tunalipa. Tathmini iliyofanywa na serikali pamoja na washirika wake ilionyesha kwamba ukame wa 2008 hadi 2011 uliigharimu Kenya shilingi bilioni 968.6. Katika hizo, takriban bilioni 699 zilikuwa za sekta ya mifugo. Hiyo ni hasara iliyolipwa na mtu, na mtu huyo hakuwa kampuni ya bima.

Weka kando yake malipo ya Februari 2017, mwezi uleule Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza ukame kuwa janga la kitaifa. KLIP ililipa shilingi milioni 214 kwa kaya zaidi ya 12,000 katika kaunti sita. Ni wastani wa takriban shilingi 17,800 kwa kaya. Sisemi pesa hizo zingezuia hasara ya mabilioni. Kaya zilizofunikwa zilikuwa chache mno. Nasema 17,800 hununua marobota ya nyasi, dawa ya minyoo na unga wa wiki kadhaa, na hivyo ndivyo vitu vinavyomvusha ng'ombe wa maziwa mpaka mvua inayofuata.

Kaya iliyopoteza kundi haipotei kwenye vitabu vya serikali. Huhamia kandokando ya Isiolo, Lodwar au Marsabit mjini, hujenga kibanda cha maturubai, na huanza kuhitaji chakula cha msaada, maji ya maboza na fedha za kujikimu. Katika kaunti zikiwemo Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir kuna mpango wa taifa wa kinga dhidi ya njaa unaozipa kaya maskini shilingi 5,400 kila baada ya miezi miwili. Ni mpango mwema, nao una kazi yake. Lakini mtu aliyeingia kwenye orodha hiyo kwa sababu ng'ombe wake walikufa atakaa humo miaka, wakati angeweza kubaki mfugaji kwa malipo ya msimu mmoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu tumeujenga mara nyingi.

Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye. Wafugaji ni nundu ya nchi hii. Ndimo mafuta yake yalimo.

Dai la saba: "Pesa hufika mifugo imekwisha kufa"

Dai hili nimeliweka mwisho kwa sababu siwezi kulipinga lote, na kwa sababu ndani yake kuna kiini cha jambo.

Mkataba wa kwanza wa Marsabit ulikuwa unakadiria vifo vya mifugo na kulipa msimu ulipokwisha. Ulikuwa, kwa lugha nyepesi, bima ya mzoga. Wafugaji wenyewe walisema kasoro iko wapi: mtu aliyepewa pesa baada ya ng'ombe kufa anaweza kununua mwingine, kama yupo wa kununua, lakini hawezi kumwokoa wa kwanza. Mkataba ukabadilishwa. Ukaanza kupima malisho yenyewe, Machi hadi Juni kwa mvua ndefu, Oktoba hadi Desemba kwa vuli, na malipo yakapangwa kutoka mara tu kipimo kinapofungwa, kabla kiangazi hakijauma. Badiliko hilo, kutoka kulipa kifo hadi kulipia lishe, ndilo wazo bora kuliko yote katika habari hii nzima.

Lakini wazo bora linaweza kuuawa na faili lililokaa juu ya meza. Ada ya serikali isipolipwa kwa wakati, bima haianzi. Orodha ya kaya isiposahihishwa, pesa huenda kwa simu iliyopotea au kwa mtu aliyehama. Malipo ya Februari yakitoka Mei, yanakuwa tena malipo ya mzoga, hata kama karatasi inasema nyasi.

Na tusidhani kwamba tangazo la janga litatuokoa. Mvua za kwanza za ukame ule wa misimu mitano zilikosekana Oktoba 2020. Ukame ulitangazwa kuwa janga la kitaifa tarehe 8 Septemba 2021. Ni miezi kumi na moja. Setilaiti ilikuwa imeshaona, wazee walikuwa wameshasema, ng'ombe walikuwa wameshaanza kuinuliwa kwa fito. Mpango unaolipa kwa kipimo hauhitaji kungojea hotuba ya mtu yeyote, na hiyo ndiyo faida yake kubwa. Serikali inayochelewesha ada yake inaitupa faida hiyo kwa mkono wake yenyewe.

Kwa hiyo anayesema pesa huchelewa nampa haki yake, kisha namwomba asiishie hapo. Kuchelewa si sababu ya kufuta malipo, ni sababu ya kudai tarehe. Ada iwekwe kwenye bajeti na ilipwe kabla ya kila msimu. Tarehe ya kutangaza kipimo ijulikane na kila mtu, isomwe redioni kwa Kiborana, Kisomali, Kiturukana, Kisamburu na Kirendille. Majina ya waliolipwa yabandikwe kwenye ofisi ya chifu. Na mfugaji atakapoombwa kuchangia ada, kama DRIVE inavyotaka, mchango wake ulingane na uwezo wake, wala usitumike kumtoa mlangoni yule mwenye mbuzi kumi peke yake.

Wewe msomaji, ukiwa Nairobi au Mombasa, una mwakilishi Bungeni anayepiga kura juu ya bajeti hiyo. Ukiwa Garissa au Maralal, una mwakilishi wa wadi anayepita mlangoni pako. Swali la kumuuliza ni fupi, na halihitaji usomi: ada ya bima ya malisho ya msimu ujao imelipwa, ndiyo au hapana? Vuli huanza kupimwa Oktoba. Muulize Septemba.